Mlowo, Mji wa Njiani: Maneno kwa Mgeni, Mkaaji na Mwenye Kutia Mali

Wako watu wengi, hasa waalimu wanaokaribia kustaafu na vijana waliojiwekea akiba kidogo, ambao huuliza habari za nchi ya kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Zambia. Maswali yao ni matatu: Je, yafaa mtu aende kuizuru? Je, mgeni aweza kukaa huko na watu wa nyumba yake? Tena, akiwa na fedha, je, azitie katika ardhi ya huko? Haya maswali yafanana, lakini si sawa. Mgeni wa siku tatu huitazama nchi na kuondoka, na nchi hubaki kama ilivyokuwa. Mkaaji hubadilishwa na nchi. Lakini mwenye kutia mali huibadilisha nchi yenyewe, na pengine huwabadilishia wenyeji maisha yao hata kwa watoto wa watoto wao. Basi imetupasa kujibu kwa uangalifu, nasi tumechagua mahali pamoja ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Mahali hapo ni Mlowo, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe.

Njia ya kwenda

Mkoa wa Songwe ni mchanga. Uliundwa mwaka 2016 kwa kukatwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Mlowo si mbali na Vwawa. Atokaye Mbeya hushuka kwanza mpaka bonde la mto Songwe, akipita karibu na kiwanja cha ndege kilichofunguliwa mwaka 2012. Kisha motokaa huanza kupanda tena, hewa ikageuka kuwa baridi, na udongo ukawa mwekundu. Baada ya mwendo wa yapata kilometa 60 tangu Mbeya, nyumba hukaribiana pande zote mbili za barabara, na msafiri huona magunia, mizani, malori na akina mama wenye mabeseni ya ndizi na parachichi. Hapo ndipo Mlowo. Akiendelea mbele kiasi cha kilometa 40 atafika Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde, nchi ya Zambia.

Mji huu umelelewa na njia. Barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati yake, na malori yanayobeba shaba kutoka migodini na bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam hayakomi usiku wala mchana. Reli ya TAZARA nayo hupita katika nchi hii. Reli hiyo ilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 hata 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, na urefu wake tangu Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860. Tena kuna njia ya tatu ambayo wageni wengi hawaiangalii. Ni ile iachayo barabara kuu hapo Mlowo na kuelekea Kamsamba, ikishuka kutoka nchi ya juu mpaka bonde la Rukwa lenye joto, ambako mto Momba hutiririka kwenda ziwani. Kwa njia hiyo mpunga na ufuta wa bondeni hupanda, na mahindi na maharage ya juu hushuka. Kwa hiyo Mlowo ni kama mlango wa ghala. Vitu vingi vyaonekana mlangoni, lakini vilivyo vingi vimo ndani, vijijini.

Wenyeji na habari zao za kale

Wenyeji wa Mbozi ni Wanyiha. Upande wa Tunduma na Momba wako Wanyamwanga, na katika miaka iliyopita wamehamia Wandali, Wamalila, Wasafwa na wengine wengi waliotafuta mashamba au biashara. Kiswahili chatosha sokoni. Lakini atakayekaa yafaa ajifunze walau salamu za Kinyiha, maana mzee akisalimiwa kwa lugha yake hufungua moyo mapema zaidi.

Wanyiha wa zamani walijulikana kwa ufundi wa chuma. Walichimba mawe yenye madini, wakayayeyusha katika tanuri za udongo kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Na jembe lilikuwa mali ya kutolea mahari. Walilima ulezi kabla ya mahindi kutawala. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamisionari wa Kimoravian walijenga kituo chao Mbozi. Katika miaka ya utawala wa Wadachi na ya Waingereza baadaye, wageni walipanda kahawa katika nchi hii, na Wanyiha, walioijua kwanza kwa kuwa vibarua, wakaishika wenyewe katika mashamba yao madogo. Leo mashamba hayo madogo ndiyo yanayoitwa Mbozi ya kahawa.

Kuizuru nchi

Mgeni aliyefika Mlowo asiondoke pasipo kukiona Kimondo cha Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi, kando ya kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka juu angani. Urefu wake wapata meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Waliolipima walikuta kwamba sehemu tisini katika mia ni chuma, na zaidi ya sehemu nane ni nikeli. Wenyeji walilijua tangu zamani, lakini watu wa nje walipata habari zake mwaka 1930. Wakati ule lilikuwa limezikwa nusu. Ndipo ukachimbwa mtaro kulizunguka, likaachwa juu ya nguzo ya udongo, na chini yake ukajengwa msingi wa saruji ili lisimame. Hakuna shimo linaloonekana la maporomoko yake, wala wazee hawana hadithi ya siku lilipoanguka. Kwa sababu hizo wataalamu wasema lilifika zamani sana, maelfu ya miaka. Siku hizi lasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro.

Tulipolizunguka tuliwaza neno moja. Hawa wenyeji walikuwa wahunzi hodari, nao walikuwa na mlima mdogo wa chuma tupu karibu na nyumba zao. Walakini walichimba mawe maskini na kukata kuni nyingi ili kupata jembe moja. Chuma kile kilikuwa kigumu mno, hakikukubali nyundo wala tanuri zao. Mali iliyo kubwa machoni haiwi riziki kwa mtu asiye na njia ya kuitumia. Yeyote anayekuja na fedha nyingi na kuziangusha kijijini na alikumbuke lile bonge.

Majira yaliyo mazuri kwa mgeni ni tangu Juni hata Oktoba, kwa kuwa mvua zimekwisha na njia za vijijini ni kavu. Lakini na achukue sweta na blanketi: nchi hii iko juu, yapata meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huuma. Tena ndiyo majira ya kuchuma kahawa, naye ataona mengi.

Kukaa

Sasa twaja kwa anayetaka kukaa. Chakula hakimpi shida: ugali wa mahindi, maharage, viazi, ndizi na mboga za majani hupatikana, na bei sokoni ni nafuu baada ya mavuno. Nyumba hujengwa kwa matofali ya kuchoma na bati. Lakini kabla ya kununua hata tofali moja, mjenzi na aulize habari za maji. Miji iliyo kando ya barabara hii imekua upesi kuliko mabomba yake, na kiangazi kikizidi, ndoo huwa na bei. Auulize mwanamke wa mtaa ule, wala asimwulize mwenye kuuza kiwanja. Kwa maana mwanamke ndiye ajuaye mwezi gani kisima hukauka, na saa ngapi za usiku foleni huanza.

Tena na ajue kalenda ya nchi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hata Aprili. Mahindi hupandwa mvua zianzapo, huvunwa tangu Mei. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Kwa hiyo fedha huingia katika nyumba nyingi mara moja kwa mwaka, na miezi ya Januari na Februari ndiyo migumu: ghala limepungua, mbolea imekwisha kununuliwa kwa deni, na ada na sare za shule zadaiwa. Ndiyo miezi ambayo mtu hukubali bei asiyoitaka. Neno hili tutalirudia, maana ndiyo shina la habari yetu.

Kutia mali katika kahawa na mazao

Wengi wasikiapo jina la Mbozi hufikiri kahawa, nao hawakosei. Kahawa ya huku ni ya aina ya arabika. Mche uliopandwa hukawia; matunda ya kwanza yenye maana huja mwaka wa tatu. Kwa desturi ya zamani miche hupandwa kwa nafasi ya futi 9 kila upande, na ekari moja huchukua miche 540 hivi. Adui zake wakuu ni kutu ya majani na ugonjwa uozeshao matunda; lakini wataalamu wa utafiti wa kahawa, ambao wana kituo Mbimba wilayani Mbozi, wamesambaza miche ishindanayo na magonjwa hayo. Basi apandaye leo asichukue miche ya kuokota. Na aende kwa wataalamu.

Kahawa njema hutengenezwa na mikono. Huchumwa tunda jekundu tu, moja moja. Humenywa siku ileile, huvundikwa ili utelezi utoke, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara nyingi. Kwa kilo tano au sita za matunda mabivu mkulima hupata kilo moja tu ya kahawa kavu. Aliyepiga hesabu zake bila kujua jambo hilo atajiona tajiri Mei na maskini Septemba.

Tena bei haikai. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawia kila nchi kiasi chake cha kuuza yalivunjika, bei ikaanguka ulimwenguni kote. Na katika miaka ya 1990 serikali iliwafungulia wafanya biashara binafsi mlango wa kununua kahawa kwa wakulima. Mwaka 2018 ikaagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe tena kwa vyama vya ushirika vya msingi na kuuzwa mnadani. Mtu mwenye akili hatii mali yake yote katika mti mmoja. Wakulima wazuri tuliowaona wana migomba na maharage pamoja na kahawa, na mahindi kando, na ng'ombe mmoja au wawili kwa ajili ya samadi. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imetolewa kwa mkulima aliyejiandikisha. Jina lisiloandikwa halipati.

Asiye na shamba naye aweza kutia mali kwa faida yake na ya jirani: mashine ya kusaga, ghala kavu lenye sakafu, mtambo mdogo wa kumenyea kahawa unaokodishwa, au mizani ya haki. Mizani si neno dogo. Desturi mbaya ya lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu, humfanya mkulima auze debe moja au mawili bure katika kila gunia. Afunguaye duka la kununua mazao kwa mizani, tena bila kuficha kipimo, atapata wateja bila kupiga tarumbeta.

Neno la ardhi

Sasa twafika penye hatari. Wageni wengi hawana haja ya mashine, wataka ardhi. Wao huona shamba, humwona mwenye shamba, huhesabu noti, huandika karatasi mbele ya mashahidi wawili, na hudhani wamemaliza. Hawajamaliza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuigawa, hata akiwa na muhuri. Na halmashauri nayo haiwezi kugawa pasipo idhini ya Mkutano wa Kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wenye miaka 18 na zaidi. Haki ya mtu yaweza kuandikwa katika Hati ya Haki Miliki ya Kimila, nayo yaweza kuwa ya muda usio na mwisho. Mwanamke ana haki ileile ya kupata na kushika ardhi aliyo nayo mwanamume. Na katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Mtu asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya serikali inayosimamia kazi hiyo. Mlowo penyewe ni mji, na viwanja vyake vina taratibu za mji; lakini ukitoka kidogo tu umeingia katika ardhi ya vijiji, wala hakuna ukuta utakaokuambia.

Tena yako mahame. Katika miaka ya 1973 hata 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, wakaacha maboma yao, miti yao na makaburi ya wazee wao. Shamba linaloonekana tupu laweza kuwa hame la ukoo fulani, na siku utakapoanza kulima, mjukuu atakuja kukuonyesha kaburi la babu yake. Basi kabla ya kutoa fedha zunguka mipaka kwa miguu, pamoja na majirani wa pande zote nne, mchana, nao waseme mbele ya wote.

Mzee mmoja aliyetukaribisha kwake alitusimulia habari ya jirani yake. Mwezi wa Februari, mwaka mmoja wa njaa, jirani yule aliuza ekari mbili za kahawa kwa mtu wa mjini ili alipe ada ya mtoto na deni la mbolea. Mkewe hakuulizwa. Mnunuzi hakumdhulumu, alilipa bei waliyopatana. Mtoto alimaliza shule akarudi nyumbani, wala hapana shamba la kumpa. Siku hizi baba na mwana huchuma kahawa katika ekari zilezile, wakilipwa kwa debe. Tukamwuliza, "Je, Mzee, ni nani mwenye kosa?" Akanyamaza kidogo, akajibu, "Wanangu, yule mgeni alikuwa na haraka, na huyu alikuwa na njaa. Watu wa namna hiyo wasiuziane ardhi."

Hatukupata jibu bora kuliko hilo. Wala jambo hili si la Mbozi tu. Katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Indonesia, serikali ya Waholanzi ilianzisha mwaka 1830 kanuni ya kuwalazimisha wanakijiji watenge sehemu ya tano ya ardhi yao kwa mazao ya kuuza Ulaya, kahawa ikiwamo. Fedha nyingi zilikwenda Uholanzi, na sehemu nyingine za Java zikaona njaa. Mwaka 1860 Mholanzi mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali huko, Eduard Douwes Dekker, alitoa kitabu kiitwacho Max Havelaar, na watu wa kwao wakaona haya. Java walilazimishwa kwa amri. Februari yetu hulazimisha kwa njaa. Mwisho wake ni mmoja: mwenye nchi huwa kibarua wa zao alilolipanda.

Shauri letu

Basi kwa mgeni twasema: nenda, uone, na ununue kahawa na maharage kwao badala ya kuuliza bei na kupita. Kwa mkaaji twasema: panga nyumba mwaka mzima kwanza, uyaone masika na kiangazi, na utembee mkutano wa kijiji kabla ya kutaka neno lake. Kwa mwenye kutia mali twasema: kodi shamba kabla ya kununua, kwa maandishi na kwa miaka iliyotajwa, ili mwenyeji abaki na ardhi yake nawe upate mazao yako. Ikiwa ni lazima kununua, usinunue Januari wala Februari. Ngoja mavuno yapite, muuzaji awe ameshiba. Mkewe na watoto wake wakubwa wawepo. Halmashauri na mkutano wajue, na hati iandikwe.

Na kwa wenyeji wa Mlowo na vijiji vyake, ambao wengine wao hulisoma gazeti hili, twasema neno moja. Kuanzisheni akiba ya mwezi wa Julai, fedha ya kahawa ikiwa ingali mkononi, katika chama chenu cha kuweka na kukopa, na muiite kwa jina la ada ya Januari. Shilingi ya Julai iliyowekwa ndiyo izuiayo ekari ya Februari isiuzwe.

Waalimu wenye kusoma habari hii darasani na wawape watoto hesabu hii: mtu ana miche 540, na kila mche humpa kilo mbili za matunda mabivu, atapata kilo ngapi za kahawa kavu, ikiwa kilo sita hutoa moja? Wakiisha kupata jibu, waende nalo nyumbani, wawaulize wazazi wao bei ya mwaka huu, na ada ya shule, na mbolea. Kisha wote pamoja waone kinachobaki.